Tangi la Samaki na Ekstensheni Janja: Dalili za Kifaa Kilichochomekwa Mahali Pasipo Pake

Mfugaji wa samaki wa mapambo akishapata ekstensheni janja, yaani ile yenye soketi kadhaa ambazo kila moja huwashwa na kuzimwa peke yake kwa ratiba, kwa kihisi au kwa simu, kishawishi chake cha kwanza huwa ni kujaza kila tundu. Soketi ni sita, vifaa vya tangi ni sita, basi hesabu imekubali. Baada ya muda huanza malalamiko: samaki wanahema asubuhi, maji yamepanda joto, breka inaanguka, taa inawaka usiku wa manane. Lawama hutupiwa ekstensheni au mtengenezaji wake, ilhali mara nyingi, kwa maoni yangu, kiini ni kifaa kilichochomekwa mahali pasipo pake. Mwongozo huu unafuata dalili moja baada ya nyingine ili kutafuta chanzo chake na kuamua kifaa husika kikae wapi. Umeandikwa kwa kuzingatia nyumba za Arusha na Moshi, ambako umeme hukatika, LUKU huisha watu wakiwa wamelala, na baridi ya Julai upande wa Meru si ya kubeza.

Maswali mawili yatarudi katika kila dalili. La kwanza: soketi hii ikigoma kuzima usiku kucha, tangi litakuwa na hali gani alfajiri? La pili: ikigoma kuwaka usiku kucha, itakuwaje? Kifaa ambacho majibu yake yote mawili yanavumilika, kama taa, kinaweza kuchomekwa kwenye ekstensheni janja bila wasiwasi. Kifaa ambacho kikikosa umeme usiku mmoja samaki wanakufa, kibaki kwenye soketi ya kawaida ya ukutani. Hita iko katika kundi lake, na tutakaa nayo kwa muda mrefu zaidi.

Wati zenyewe hazina uzito mkubwa katika uamuzi huu. Umeme wetu ni wa volti 230, na plagi ya pini tatu za mstatili hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13, sawa na takriban wati 2,990. Tangi la lita 240 lenye hita mbili za wati 150, kichujio cha wati 25, taa ya wati 60 na pampu ya hewa ya wati 5 linatumia wati 390 kila kitu kikiwaka, ambazo ni ampea 1.7 tu. Ni nadra ekstensheni ya tangi kuzidiwa na mzigo. Kinachohitaji kuangaliwa kabla ya kununua ni volti: ekstensheni nyingi zinazosifiwa na wafugaji wa Marekani zimetengenezwa kwa umeme wa kwao wa volti 120, na zikichomekwa hapa kwa adapta ya kawaida, ambayo hubadilisha umbo la pini tu, zinaweza kuungua papo hapo.

Samaki wanahema juu ya maji asubuhi, baada ya umeme kukatika na kurudi usiku

Hii ndiyo dalili nzito kuliko zote, kwa sababu mwenye tangi akiamka hukuta taa ya sebuleni inawaka, friji inanguruma, na kila kitu ndani ya nyumba kinaonekana kuwa salama isipokuwa maji ya tangi, ambayo yametulia tuli. Umeme umerudi nyumbani lakini haujarudi kwenye kichujio.

Chanzo ni mpangilio unaoamua kila soketi ifanye nini umeme unaporudi. Ekstensheni nyingi zina chaguo tatu: soketi iwake, ibaki imezimwa, au irudi katika hali iliyokuwa nayo kabla ya umeme kukatika. Baadhi hutoka kiwandani zikiwa kwenye chaguo la kuzimwa, ambalo lina busara kwa pasi ya nguo na ni hatari kwa kichujio. Chaguo la tatu linaonekana la hekima, lakini nalo lina mtego wake: ikiwa mtu alizima kichujio kwa dakika chache ili alishe samaki, na umeme ukakatika katika dakika hizo hizo, kichujio kitabaki kimezimwa hata umeme ukirudi, kwa kuwa hiyo ndiyo hali ya mwisho ambayo ekstensheni inaikumbuka.

Jambo hili lina uzito zaidi Arusha kuliko pwani. Mji uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni kama asilimia 85 ya lile la Dar es Salaam, na oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji hupungua kwa uwiano uleule. Maji ya nyuzi 26 ambayo pwani hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita, hapa hubeba chini ya 7 kidogo, na hayo ni maji yanayozunguka vizuri. Maji yakisimama katika tangi lenye samaki wengi, akiba hiyo huliwa haraka. Moshi, iliyo chini zaidi, ina nafuu ya mwinuko, lakini joto la Februari hula nafuu hiyo, kwa kuwa maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi.

Kuna hasara ya pili isiyoonekana. Ndani ya kichujio cha kopo, kile kinachofungwa na kukaa chini ya tangi, bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitraiti na kisha nitrati huishi kwa oksijeni inayoletwa na maji yanayopita. Mkondo ukisimama kwa saa nyingi, oksijeni iliyomo humalizika, bakteria huanza kufa, na uchafu huanza kuoza. Kichujio kilichozimika usiku kucha kisiwashwe moja kwa moja kurudisha maji hayo tangini. Kifunguliwe kwanza, maji yaliyomo yamwagwe, na sponji zisuuzwe kwa maji ya tangi lenyewe, si ya bomba.

Uamuzi wangu hapa hauna mjadala mrefu: kichujio kikuu na pampu ya hewa vichomekwe ukutani. Sababu pekee ya maana ya kuweka kichujio kwenye soketi janja ni kukisimamisha wakati wa kulisha, na faida hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na hatari yake. Anayeitaka kwa lazima aweke soketi hiyo kwenye chaguo la kuwaka umeme unaporudi, na atumie kitufe cha muda kinachoiwasha tena chenyewe baada ya dakika kumi, asitegemee kumbukumbu yake.

Wapo wanaotumia pampu ya hewa yenye betri inayojiwasha umeme wa nyumba unapokatika. Pampu hiyo hutambua kukatika kwa umeme kupitia plagi yake, kwa hiyo ikichomekwa kwenye soketi janja itadanganyika kila ratiba inapozima soketi, nayo itamaliza betri mchana kweupe. Ikichomekwa nyuma ya inveta, yaani kifaa kinacholisha nyumba kwa umeme wa betri, itadanganyika kwa namna ya pili: umeme wa TANESCO utakatika na yenyewe isijue. Mahali pake ni soketi ya ukutani isiyo na inveta wala ratiba.

Maji yamepanda joto kupita kiasi, au yameshuka

Hita ndicho kifaa kinachohalalisha gharama ya ekstensheni janja, na ndicho pia kinachoweza kupika samaki. Hita ya kawaida ya kioo ina kidhibiti joto cha ndani ambacho hugusanisha na kuachanisha vipande vya chuma mara nyingi kwa siku. Kila vinapoachana hutokea cheche ndogo, na baada ya miaka kadhaa vipande hivyo vinaweza kuungana moja kwa moja. Hapo hita haizimi tena. Ndani ya ekstensheni nako kuna relei, yaani swichi ndogo inayosukumwa na sumaku ya umeme, yenye vipande vya chuma vya namna hiyo hiyo na udhaifu uleule.

Maji yakikutwa na nyuzi 31 badala ya 26, chanzo hutafutwa hivi. Zima soketi ya hita kwa simu, kisha itazame taa ndogo ya hita. Ikiendelea kuwaka, relei ya ekstensheni imegandana na soketi hiyo haifai tena kwa kazi yoyote. Ikizimika, washa soketi tena na uangalie kama hita inaendelea kupasha maji ambayo tayari yamevuka kipimo kilichowekwa juu yake: ikiendelea, kidhibiti cha ndani ya hita ndicho kilichokufa. Vyote viwili vikiwa salama, kagua kihisi cha joto cha ekstensheni. Kihisi kilichochomoka kikaning'inia nje ya maji hupima hewa ya chumba, na chumba cha Arusha alfajiri ya Julai kikiwa na nyuzi 17, ekstensheni itaamini kwamba samaki wanaganda, nayo itaiamuru hita iwake bila kukoma. Kihisi kifungwe kwa kibano mahali ambapo maji hayatashuka chini yake hata wakati wa kubadilisha maji, na kisikae karibu na hita.

Mpangilio unaofaa ni wa vidhibiti viwili vinavyolindana. Ekstensheni yenye kihisi ndiyo iwe mwamuzi wa kila siku, ikizima kwenye nyuzi 26, na kidhibiti cha hita yenyewe kiwekwe juu kidogo, kwenye 27, kibaki kama mlinzi wa akiba. Relei ikigandana, hita itajizima yenyewe kwenye 27. Kidhibiti cha hita kikifa, ekstensheni itakata kwenye 26. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, wanaopendelea takriban nyuzi 24 hadi 27, vipimo vyote viwili vishushwe kwa nyuzi moja.

Ukubwa wa hita nao ni sehemu ya usalama. Wati 200 katika lita 200 za maji hupandisha joto kwa chini ya nyuzi moja kwa saa, hata bila kuhesabu joto linalopotea hewani, ilhali wati 300 katika lita 100 hupandisha zaidi ya nyuzi mbili na nusu kwa saa. Hita ya kwanza ikigandana saa nne usiku, mwenye tangi ana nafasi ya kuamka na kuokoa kitu. Ya pili haimpi nafasi hiyo. Kwa hiyo ni bora kuwa na hita mbili ndogo kuliko moja kubwa, kila moja kwenye soketi yake. Moja ikigandana, joto hupanda taratibu. Moja ikifa, nyingine hupunguza kasi ya kupoa. Kwa Arusha kadirio la wati moja kwa kila lita linafaa katika chumba kinachopoa usiku, na Moshi nusu yake mara nyingi hutosha.

Ikiwa ekstensheni haina kihisi cha joto, bali ina ratiba na simu tu, hita isichomekwe humo kabisa. Ratiba haijui maji yana joto gani. Hita hiyo iende ukutani ikitegemea kidhibiti chake, au inunuliwe swichi ya joto ya pembeni yenye kihisi chake na soketi yake, ambayo haihitaji intaneti.

Kuhusu maji yanayoshuka joto, vyanzo huwa vyepesi zaidi: soketi haikuwaka umeme uliporudi, hita ni ndogo kwa chumba, au mtu aliizima kwa ajili ya kubadilisha maji akasahau. Hita lazima izimwe dakika kama kumi na tano kabla ya maji kushushwa, kwa sababu kioo chenye moto kikibaki hewani na kisha kikaguswa na maji baridi hupasuka. Soketi janja yenye kitufe cha muda husaidia sana hapa.

Breka inaanguka, na tangi zima linazimika

Nyumba iliyofungwa vizuri ina breka ya kukata umeme unapovuja kwenda ardhini, ile ambayo mafundi huiita RCD, na kwa kawaida hukata mvujo unapofikia miliampea 30. Breka hiyo ikianguka kila hita inapowaka, usiishuku breka. Hita imepasuka au maji yameingia kwenye shingo yake.

Chomoa vifaa vyote, inua breka, kisha chomeka kimoja kimoja ukisubiri kidogo baada ya kila kimoja. Kifaa kinachoiangusha ndicho chenye kosa. Kikibainika kiondolewe siku hiyo hiyo, na asitokee fundi wa kushauri kwamba waya wa ardhi ukatwe ili breka itulie. Breka itatulia kweli, lakini umeme utabaki ndani ya maji ukingoja mkono wa mtu.

Dalili hii inafundisha pia jinsi ya kugawa vifaa. Ekstensheni ikiwa imebeba hita, taa, kichujio na pampu ya hewa kwa pamoja, kosa la hita moja huzima pumzi ya samaki wote. Kichujio kikiwa kwenye soketi ya ukuta mwingine ambayo fundi umeme amethibitisha kuwa haitegemei breka ileile ya mvujo, hita inaweza kuanguka peke yake na maji yakaendelea kuzunguka.

Simu inasema imezimwa, lakini taa inang'aa hafifu au pampu ya hewa inatetema

Kuna vyanzo viwili, na vinatofautiana kwa hatari. Cha kwanza ni aina ya swichi iliyomo. Baadhi ya ekstensheni hazitumii relei kwenye kila soketi bali swichi za kielektroniki zisizo na sehemu inayosogea, na swichi hizo hupitisha umeme kidogo sana hata zikiwa zimezimwa. Hita ya wati 150 haiuhisi umeme huo. Taa ya LED ya wati 3 au pampu ndogo ya hewa huweza kuuhisi, ikang'aa au ikatetema. Kihamishie kifaa hicho kidogo kwenye soketi yenye relei, kama ekstensheni ina aina zote mbili, na maelezo ya mtengenezaji hueleza ni soketi ipi. Unaweza kuitambua kwa sikio pia, kwa kuwa relei hulia “tiki” inapobadilika.

Chanzo cha pili ni kwamba swichi inakata waya wa nyutro badala ya waya wa moto, kwa sababu nyaya za soketi ya ukutani zimefungwa kinyume au kwa sababu plagi ya pini mbili za duara inaweza kuingia kwa upande wowote. Katika hali hiyo kifaa kinaonekana kimezimwa, na kumbe umeme umesimama ndani yake wote. Mwite fundi umeme apime soketi ya ukutani. Hadi hapo, na hata baada ya hapo, kuzima kwa simu kusichukuliwe kuwa ruhusa ya kutia mkono majini. Plagi ichomolewe.

Taa inawaka saa za ajabu

Kwanza hesabu tofauti ya saa, maana tofauti hiyo yenyewe hutaja chanzo. Ikiwa taa imechelewa kwa saa tatu, ekstensheni inafuata saa ya Greenwich, na eneo la saa halijawekwa kuwa la Afrika Mashariki. Ikiwa imewahi kwa saa tano, imebaki na saa ya China ilikotengenezwa. Ikiwa imewahi kwa saa sita kamili, mara nyingi mtu wa nyumbani aliambiwa taa iwake saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, naye akaandika 02:00 hadi 10:00 badala ya 08:00 hadi 16:00, kwa hiyo tangi linapata jua lake saa nane usiku.

Ikiwa saa ya ekstensheni ni sahihi na bado taa haifuati, chunguza kama taa yenyewe ina ratiba ya ndani ya kupambazuka na kuchwa. Taa za namna hiyo hazipendi kukatiwa umeme: nyingine husahau saa, nyingine huanza upya kwa mwanga wa juu kabisa na kuwashtua samaki. Chagua mtunza saa mmoja tu. Taa yenye akili zake ipewe umeme wa kudumu, taa isiyo na akili ipewe soketi janja. Hii ya pili ndiyo mteja bora wa ekstensheni hii kuliko vifaa vyote: ikigoma kuzima, mwani utaongezeka; ikigoma kuwaka, mimea itasubiri kesho.

Tahadhari moja ni kwamba kibadilisha umeme cha taa ya LED hufyonza umeme mwingi kwa kitambo kifupi mno kinapowashwa, hata kama wati zake ni chache. Taa nne kubwa zilizounganishwa kwenye soketi moja zinaweza kuigandisha relei ambayo kwa hesabu ya wati ilikuwa haijafika hata robo ya uwezo wake. Zigawe kwenye soketi tofauti, ziwake kwa kupishana dakika moja.

Pampu inanguruma bila kuzunguka

Ikitokea jioni, shuku volti. Saa ambazo mtaa mzima unapika na kupasha maji, umeme unaweza kushuka kiasi cha pampu kushindwa kuanza, ingawa ile ambayo ilikuwa inazunguka tayari huendelea. Pampu inayowashwa na kuzimwa mara kwa mara na ratiba ndiyo inayokutana na tatizo hili, na ikinguruma muda mrefu hupata moto. Ikitokea wakati wa inveta, shuku inveta: zile za bei nafuu hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazi ambao mota za pampu huupokea kwa kelele na joto. Mbali na hayo, ifungue usafishe panga lake linalozunguka; konokono mmoja mdogo anatosha.

Pampu yenye kisanduku chake cha kurekebisha kasi isizimwe kwa soketi. Itumie kisanduku chake.

Maji yamemwagika sakafuni umeme uliporudi

Hili huwapata wenye tangi la chini la kuchujia. Pampu ya kupandisha maji ikizimika, maji ya juu hushuka hadi tangi la chini linajaa, na kikwanguo cha povu, kile kinachotoa uchafu majini kwa mapovu na kuukusanya kwenye kikombe, kikiwaka papo hapo umeme unaporudi, wakati maji ya tangi la chini bado yamejaa, humwaga kikombe chake. Pampu ya kupandisha iwe ukutani. Kikwanguo kiwe kwenye soketi janja chenye kuchelewa dakika tano hadi kumi. Kifaa cha kuongeza maji ya kufidia yaliyovukizwa nacho kiwe kwenye soketi janja, kibaki kimezimwa umeme unaporudi, na kiwekewe kikomo cha dakika chache kwa siku, ili boya lake likikwama lisihamishe ndoo nzima ndani ya tangi.

Simu haioni ekstensheni

Sababu ya kwanza ni ya kuchekesha kidogo, nayo hutokea: ruta imechomekwa kwenye ekstensheni hiyo hiyo, soketi yake ikazimwa, na hakuna tena njia ya kuiamuru iwake. Ruta na kisanduku kinachoongoza ekstensheni vikae nje yake. Pili, vifaa vingi vya aina hii hutumia mawimbi ya gigahetzi 2.4 peke yake, wala havioni ruta iliyowekwa kwenye 5. Tatu, bando limeisha.

La muhimu ni kujua nini kinaendelea kufanya kazi bila intaneti. Zima ruta kwa siku nzima ukiwa nyumbani, uone kama ratiba zinafuatwa. Kisha, ruta ikiwa bado imezimwa, kata umeme wa ekstensheni na uurudishe. Nyingi huchukua saa kutoka kwenye intaneti, hivyo baada ya kukatika kwa umeme hazijui ni saa ngapi, na ratiba zote husimama. Ekstensheni inayoshindwa jaribio hili la pili inafaa kwa taa na mapambo tu.

Plagi au soketi ina moto, au kuna harufu ya plastiki

Chomoa sasa. Mara nyingi ni plagi ya pini mbili iliyoingizwa kwenye soketi ya pini tatu kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu, kama tunavyoona kila mahali. Pini hazishiki sawasawa, na kifaa kinachowaka kwa saa nyingi, hasa hita, hupasha sehemu hiyo iliyolegea. Badilisha plagi yenyewe, weka ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, ambayo inatosha kwa kifaa chochote cha tangi kisichozidi wati 600 hivi. Ekstensheni itundikwe ukutani juu ya usawa wa chini wa nyaya, ili kila waya ushuke kwanza kabla ya kupanda kwenye plagi na tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia soketini.

Vifaa vilivyobaki

Valvu ya gesi ya kaboni dioksidi kwa ajili ya mimea inafaa soketi janja: iwake saa moja kabla ya taa kuwaka na izime saa moja kabla ya taa kuzimwa, na ibaki imezimwa umeme unaporudi bila ratiba, maana gesi ikizidi usiku samaki hukosa hewa. Taa ya miale ya kuua vijidudu inafaa pia, mradi isiwake wakati maji hayapiti. Pampu ya kudondosha dawa au virutubisho haifai, kwa sababu hutunza hesabu yake yenyewe na ikikatiwa umeme katikati inaweza kurudia dozi. Kwa joto la Moshi, feni ndogo inayopuliza juu ya maji ikiongozwa na kihisi hutosha matangi mengi, na inafaa kabisa humo. Mashine ya kupoza yenye kompresa haifai. Hufyonza umeme mwingi inapoanza na huhitaji kupumzika dakika kadhaa kabla ya kuwashwa tena, kwa hiyo iende ukutani, ikiwezekana nyuma ya kilinda friji chenye kuchelewesha.

Vifaa vikishapangwa, jaribio hufanywa mchana, samaki wakiwa wameshiba na mtu yuko karibu: zima swichi ya ukutani inayolisha ekstensheni, subiri dakika tano, washa, na uandike hali ya kila soketi bila kugusa simu. Bandika jina la kifaa juu ya kila plagi kwa wino usiofutika, ili anayebaki nyumbani ajue ni ipi ya kuhamishia ukutani endapo ekstensheni yenyewe itakufa. Jaribio lirudiwe kila programu ya ekstensheni inaposasishwa, kwa kuwa sasisho linaweza kurudisha chaguo la umeme unaporudi kama lilivyotoka kiwandani, na simu isikuarifu.